Siku za Bahari Tupu

Mume wangu Fanueli alipopanda mlima kutoka stesheni ya Makanya na sanduku lake la bati begani, binti yetu alikuwa ameshazikwa na tuta la kaburi lilikuwa limeanza kutitia kwa mvua. Watu walijaa uani wakimngoja. Mimi nilikuwa jikoni, nimekaa kwenye kigoda, na nilimsikia akipiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Nilichotakiwa kufanya nilikijua vizuri. Sikukifanya.

Kwa ukoo wa akina Fanueli, mtu aliyekosa mazishi hajiendei tu kaburini. Aliyemuuguza marehemu ndiye anayemwinukia. Anamshika mabega, anamlilia, na hapohapo walipo anamsimulia yote: ugonjwa ulivyoanza, nani walikuwepo, marehemu alisema nini, alimtaja nani. Akishasimuliwa ndipo anapelekwa kaburini, msalaba unasimikwa, na matanga yanavunjwa. Kabla ya hapo kaburi analiona kwa mbali kama la jirani. Wazee wa kanisa hawajawahi kulipinga jambo hilo, na wengine nimewaona wakilifuata wao wenyewe.

Wifi yangu Elirehema aliingia jikoni akanifinya mkono.

"Wifi, inuka. Kaka yangu amesimama uani."

"Nimemsikia," nikamwambia.

"Kama umemsikia, inuka basi."

Sikuinuka. Watu wa Suji, kijiji chetu, mpaka leo wanasema nilikataa, kwamba nilikuwa na kinyongo na mume wangu kwa miaka yake ya melini, nami nimewaacha waseme maana midomo ni yao. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekufa ganzi. Nilitazama miguu yangu nikaiona ni ya mtu mwingine, mtu nisiye na haraka naye. Binti yetu Nakundwa alipokata roho nililia siku ile na kesho yake, halafu machozi yakakatika kama mfereji uliofungwa kule juu, na pamoja nayo vikakatika vyote: njaa, usingizi, hasira, hata haya ya kuwaweka watu wima uani kwangu.

Tena kulikuwa na jambo jingine. Ukisimulia lazima usimulie kweli. Homa ilimpata Nakundwa Same mjini, alikokuwa akifundisha darasa la kwanza, akaletwa nyumbani akiwa amebebwa, na siku zile alizolala aliita watu wengi. Aliniita mimi. Alimwita mjomba wake Lukasi aje amshike miguu. Aliwaita wanafunzi wake kwa majina, akawaambia wakae chini. Baba yake hakumwita hata mara moja. Na hilo ndilo swali la kwanza la mtu aliyekosa mazishi, kila mtu analijua.

Basi Fanueli alisimama uani mpaka watu wakaanza kuchoka na kuangaliana. Jua lilipozama wakaondoka mmojammoja. Akaingia ndani, akaweka sanduku lake pembeni, akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akapika.

Kwa hiyo tukawa tunaishi vile, mume na mke na kaburi la mtoto wao nyuma ya nyumba, kwenye migomba, na mmoja wetu haruhusiwi kulikaribia. Dirisha la upande ule Fanueli alilifunga akaliwekea gunia. Kwenda chooni alikuwa anazunguka kwa mbele, anapita kwenye kahawa, anatokea nyuma ya zizi, njia ndefu mara tatu, ili asipite kwenye migomba. Hakunilaumu. Ningependa kusema kwamba nilimhurumia, lakini nitakuwa nadanganya. Nilimwona anavyozunguka nikawaza kwamba umande utamlowesha suruali, basi.

Lazima niseme kazi yake. Fanueli aliondoka Suji kabla ya Uhuru, akafika Tanga, kisha Mombasa, akaanza kuosha vyombo katika meli, na mwisho akapandishwa kuwa mhudumu wa abiria. Meli yenyewe haikupeleka watu mahali. Ilibeba matajiri waliolipa nauli kubwa ili wazungushwe baharini wakapumzike, halafu warudishwe palepale walipopandia. Sisi huku, ambao kwenda Makanya na kurudi ni safari ya kuumiza magoti, tulishindwa kabisa kulielewa jambo hilo. Alikuwa anakuja likizo mara moja baada ya mwaka au miwili, analeta vikombe na vitambaa, anakaa kidogo, anaondoka. Nakundwa alimzoea kama unavyomzoea mkaguzi wa shule.

Siku chache baada ya kurudi, niliamka nikamkuta amesimama kando ya kitanda. Amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, taulo limekunjwa juu ya mkono wa kushoto, na mkononi ana trei: chai, na vipande viwili vya gimbi kwenye kisosi.

"Habari za asubuhi," akasema. "Sukari kiasi gani?"

Nilimtazama. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kuulizwa habari ya sukari.

"Fanueli, unafanya nini?"

"Nakuletea chai."

"Hilo taulo ni la nini?"

Akaliangalia kana kwamba hakujua lipo. "Ni kazi," akasema.

Kisha akakaa kwenye sanduku lake akanieleza, kwa sauti ileile ya kuulizia sukari. Siku ngumu kwa abiria, alisema, ni zile za bahari tupu. Meli ikitia nanga wana pa kwenda, wanashuka, wananunua vinyago, wanaungua na jua, wanarudi wamefurahi. Lakini kuna siku ambazo hakuna bandari. Wanaamka asubuhi, maji. Jioni, maji. Wasipopangiwa kitu cha kufanya wanaanza kugombana au kulewa, na wengine wanajifungia chumbani wanalia bila kujua wanalia nini. Ndiyo maana wahudumu wanaikata siku vipandevipande. Chai kitandani. Matembezi ya sitahani. Supu ya saa tano. Michezo. Chai ya saa kumi. Mtu anavuka kutoka kipande kimoja hadi kingine, mara anasikia kumekucha tena.

"Na sisi tuko bahari tupu?" nikamuuliza.

"Sisi tunakata siku tu," akasema.

Ikawa hivyo. Alikuwa ananiamsha kwa chai, ananitoa barazani, ananikalisha kwenye kiti na kunifunika blanketi miguuni, maana ilikuwa Julai na ukungu wa Suji haukuwa na mzaha. Kipande cha matembezi alinishika kiwiko tukaizunguka nyumba. Melini, alisema, abiria huzunguka sitaha nzima. Sisi tulizunguka pande tatu. Tukifika kona ya kuelekea kwenye migomba tulikuwa tunageuka na kurudi tulikotoka. Saa tano aliniletea supu: alikuwa anachukua maji ya makande, anayachuja kwa kitambaa, anatia chumvi na kitunguu, anayaleta kwenye kikombe chenye mkono. Niliinywa kwa sababu ilikuwa karibu na mdomo. Alisokota kamba ya katani akatengeneza pete, akachomeka mti uani, akaniomba nirushe. Nilirusha moja. Ikaanguka hapo hapo miguuni. Akaiokota akasema si mbaya.

Kulikuwa na mchezo wa kubahatisha. Kila adhuhuri abiria hubahatisha meli imekwenda umbali gani tangu jana, na anayekaribia hupigiwa makofi.

"Haya, wewe unasemaje?" akaniuliza. "Tumekwenda kiasi gani tangu jana?"

"Hatujaenda popote."

Akafikiri kidogo. "Hilo nalo ni jibu," akasema, kwa adabu zake zote.

Adabu hizo ndizo zilizokuwa zinanichosha. Laiti angenipigia kelele. Laiti angevunja hata kikombe kimoja katika vile alivyovileta kutoka ng'ambo, nadhani ningesikia kitu. Lakini alikuwa anapita mbele yangu na taulo lake, mgongo umenyooka, anauliza kama jua linanisumbua, na jua lenyewe halipo. Jioni moja aliichukua saa ya mezani akaisogeza mbele nusu saa. Nilimuuliza saa ina kosa gani. Akasema melini wanafanya hivyo wakielekea mashariki, siku inapungua kidogo, na abiria wengi wanashukuru. Kesho yake akaisogeza tena. Baada ya muda saa yetu ilikuwa haina habari kabisa na jogoo.

Suji nzima ilijua. Watoto walikuwa wanapanda kwenye ukingo wa shamba kumtazama mwanamume aliyevaa shati jeupe anampa mkewe supu. Elirehema alikuja akasimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni.

"Kaka, umekuwa yaya? Na wewe wifi, umekuwa mzungu? Watu wanatucheka."

"Karibu chai, dada," Fanueli akamwambia.

"Sitaki chai. Nataka mtu wa nyumba hii amlilie ndugu yangu, msalaba usimikwe, tupumzike. Wanawake wamechoka kuleta vyakula kwenye msiba usiokwisha."

Alisema kweli, na nilijua kwamba alisema kweli. Nikajaribu. Nilishika mikono ya kiti nikajisukuma, na ndani yangu hakukuwa na kitu cha kunisukuma kutoka upande wa pili. Nikarudi chini. Fanueli akanirekebishia blanketi. Elirehema alitutazama wote wawili, kisha akaondoka anajisemesha kwa Kipare, maneno ambayo sitayaandika.

Aliyefuata ni Hezroni, balozi wetu wa nyumba kumi. Alikuja asubuhi ya ukungu, koti la mvua mabegani, kofia kichwani. Hezroni ni rika la Fanueli, walitahiriwa pamoja, kwa hiyo hakuzunguka sana. Alitupa pole, akakaa kwenye ngazi ya baraza, akasema jambo lake. Ndiva yetu, bwawa la kumwagilia mashamba, ilikuwa imejaa tope na baragumu la msaragambo, kazi ya kijiji kizima, lingepigwa wiki ile, kila nyumba itoe mtu wa kwenda kuzibua. Nyumba yenye msiba wazi haiitwi. Huo ndio utaratibu, naye hakuja kuuvunja. Lakini watu walikuwa wanapungua, vijana wengine wameshajiandikisha kuhamia kijiji cha ujamaa kule chini tambarare, na majembe hayatoshi.

"Sikuja kuwaharakisha," akasema. "Nimekuja kuuliza tu. Msiba huu utafungwa?"

Alimuuliza Fanueli lakini alinitazama mimi. Fanueli akasema angoje kidogo, ilikuwa karibu saa tano kwa saa yetu. Akaingia ndani akatoka na trei yenye vikombe viwili vya supu. Hezroni akapokea chake, akanusa, akanywa.

"Ni maji ya makande haya," akasema.

"Ndiyo."

"Ni mazuri." Akanywa tena. Hezroni hakuwa mtu wa kumwaibisha mwenzake. Akaanza kuulizauliza mambo ya melini, nadhani ili kupitisha lile swali gumu: watu wale wanakula nini, wanalala wapi, kama wanasali. Fanueli akajibu yote akiwa amesimama, trei kifuani. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu, kikombe mkononi, nikisikia kama mtu anayesikiliza redio ya nyumba ya pili.

"Na mtu akifa humo?" Hezroni akauliza.

"Anashonewa kwenye turubai. Alfajiri wanapunguza mwendo wa meli, nahodha anasoma sala, wanamteremsha majini. Halafu mwendo unarudishwa."

"Halafu?"

"Halafu tunapeleka chai."

Hezroni akatikisa kichwa. Kisha akauliza kile ambacho mimi sikuwahi kukiuliza wiki zote zile.

"Na wewe habari hii ilikukuta wapi, ndugu yangu?"

Fanueli hakubadilisha sauti. "Ilinikuta sitahani. Nilikuwa na trei ya supu. Fundi wa redio akanifuata, akaniambia kuna ujumbe kutoka Mombasa, binti yangu amefariki. Akaniuliza kama nataka kukaa. Nilitazama, mbele maji, nyuma maji, na bandari iko mbali. Abiria wamekaa na mablanketi yao wananingoja. Supu inapoa." Akaitazama trei. "Nikaigawa."

"Ukaigawa?"

"Nikaigawa, nikakusanya vikombe, nikaviosha. Kisha nikaenda kujilaza. Kitanda cha chini analala Mgoa mmoja, mtu mwema, akanipa pole, akalala. Hakukuwa na mtu wa kukaa naye matanga. Nilijua nikianza kulia peke yangu mle chumbani hakuna wa kuninyamazisha, ningeweza kujirusha. Nikajiambia, mama yake yupo nyumbani. Nikifika atanililia, nami nitalia. Mpaka siku hiyo napeleka chai. Nikapeleka chai, nikapeleka supu, nikaokota pete za watu, saa zikasogezwa, tukafika Mombasa. Nikapanda treni mpaka Makanya, nikapanda mlima." Akaigeuza trei akaifuta kwa taulo, ingawa ilikuwa safi. "Sasa nimefika na bado napeleka. Hakuna njia nyingine ninayoijua, Hezroni. Hii ilinivusha."

Nilikuwa nimekaa karibu naye, ningeweza kunyoosha mkono nikagusa suruali yake. Siku zote zile nilimwona mtu anayenifanyia michezo, na moyoni nilikuwa nikimdharau, kama kulikuwa na moyo. Kumbe mtu yule alikuwa hajashuka melini. Mimi nililia siku mbili na watu wamenishika huku na huku, wamenipangusa uso, wamenipa maji. Yeye alikuwa hajalia hata dakika moja, na aliyemzuia ni mimi.

Niliinuka. Goti lilinigoma, nikashika nguzo ya baraza, blanketi likaanguka na kikombe kikavunjika. Fanueli akaja haraka kunikalisha, akadhani naumwa. Nikamshika mabega. Trei ilikuwa katikati yetu. Hezroni akaichukua, akavua kofia yake, akasogea kando.

Nilipiga yowe kama inavyotakiwa. Lilikuwa yowe kavu, halikuwa na machozi wala uchungu, nililitoa kwa mdomo tu kwa sababu lilikuwa haki yake. Kisha nikamsimulia. Homa ilivyoanza akiwa darasani, alivyoketi kwenye meza ya mwalimu akashindwa kusimama. Waliombeba, na jinsi walivyopumzika mara nyingi kwenye kona za njia. Dawa alizopewa. Usiku alivyokuwa mtulivu na mchana alivyokuwa anahangaika. Sauti yangu niliisikia ikienda, tambarare, kama mtu anayesoma matangazo kanisani. Fanueli alikuwa ananitazama mdomo.

Nilipomaliza akauliza.

"Alinitaja?"

Hezroni alitazama chini. Neno dogo tu la ndiyo lingetosha, na nina hakika balozi angenisaidia kulibeba. Lakini ningekuwa nimemnyima na hili pia.

"Hakukutaja, baba yake. Alinitaja mimi, alimtaja Lukasi, aliwataja wanafunzi wake. Wewe hakukutaja."

Akaitikia kwa kichwa, polepole.

"Angenitajaje," akasema. "Hakunizoea."

Nikamshika mkono. Tuliizunguka nyumba, na tulipofika kwenye kona ile tukapita, tukaingia kwenye migomba. Majani yalikuwa yameota juu ya udongo, na tuta lilikuwa limelala chini kiasi kwamba mgeni asingejua aanzie wapi. Fanueli alisimama pale ameshika taulo lake, anatazama huku, anatazama huku.

"Kichwa kiko upande gani?" akaniuliza.

Nikamwonyesha. Akazunguka kwa tahadhari asikanyage, akachuchumaa upande wa kichwa, akaondoa jani kavu la mgomba lililokuwa limeangukia pale. Alikaa hivyo, ameinamisha sikio kidogo, kama mzazi ambaye mtoto amemsalimia kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Marahaba."

Hapo uchungu ukanipata. Nikakaa chini kwenye majani mabichi nikalia kwa sauti, naye akalia, mpaka Elirehema akatoka nyumbani kwake mbio akidhani kuna mtu mwingine amekufa.